Mke wa Mtu Aliye Safarini

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba la kulia ndilo linalokanyaga cherehani na la kushoto ndilo linalolalamika. Nilicheka mpaka mtu aliyeketi karibu yangu akanigeukia. Mwambie Bibi Mdogo picha aliyonichora imefika. Amenipa vidole saba mkono mmoja, lakini pua ameipatia kabisa. Siamini kwamba ana miaka saba sasa. Nilimwacha akiwa hajui kufunga kamba za viatu.

Mimi ni mzima. Kuna baridi, ila koti ninalo.

Majibu ya ombi langu la hifadhi yametoka, na si mazuri. Ofisi ya uhamiaji ilikataa, nikakata rufaa, na mwezi uliopita rufaa nayo ikakataliwa. Hakimu hakunikaripia wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba sijathibitisha kilichompata mume wangu, na kama yeye hakupatwa na lolote, hakuna sababu ya kuamini kwamba mimi nitapatwa.

Kuna mwanasheria, mama wa makamo, anayetusaidia bila malipo. Alinikalisha nikasimulia upya tangu mwanzo: kwamba mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, kwamba baada ya zile ghasia aliitwa mbele ya tume akataja maiti alizobeba, moja moja, kwamba siku ya nne walimchukua getini pa hospitali, funguo za gari zikiwa bado mkononi, kwamba wiki iliyofuata walikuja kiwanda cha mikate nilikofanya kazi kunitafuta mimi, kwa kuwa orodha ya majina aliyoisomea tume ilikuwa kwa mwandiko wangu. Yote aliyaandika. Kisha akauliza, "Na baada ya hapo yeye alipatwa na nini?" Nikamwambia sijui.

Anasema nikipata ushahidi mpya naweza kuomba tena. Anataka karatasi kutoka huko nyumbani inayoeleza kilichompata mwanao, Baba Bibi Mdogo, ama ya ofisi ya wilaya, ama kiapo cha mtu anayejua. Nakuomba unisaidie, mama. Najua si jambo dogo.

Nimehama pale nilipokuwa. Ukijibu, tumia anwani ya maktaba iliyo nyuma ya bahasha. Mkutubi ni mtu mwema, atanipa barua zangu.

Mama Bibi Mdogo


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti bado ni mawili, nashukuru.

Hapa tuko salama, ila mwalimu mkuu ameamka siku moja akabadilisha rangi ya sare, kutoka samawati kwenda kijani, bila kumuuliza mtu. Nimebaki na jora zima la samawati. Bibi Mdogo anasema nishone mapazia. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, sasa akisema "sisi" unasikia upepo tu. Hesabu ameshika nafasi ya pili. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu wa hesabu, nadhani umenielewa.

Paa lilivuja juu ya kitanda chako. Fundi amekuja, ameziba.

Kuhusu karatasi. Ofisi ya wilaya ina foleni ya kutwa nzima na mimi nina sare za darasa zima za kumaliza. Tena karatasi ya nini hasa? Mume wako alichukuliwa, na hajarudi. Kila mtu hapa anajua. Mtu ambaye hajarudi yuko safarini. Mashati yake nayapiga pasi kila mwisho wa mwezi, maana shati likikaa limekunjwa hushika alama. Akija atayakuta tayari.

Ile barua niliyokuandikia mwaka juzi uwapelekee wakubwa wa huko haikutosha? Niko tayari kuandika nyingine kama ile, tena ndefu zaidi.

Na maktaba ni mahali pa vitabu. Tangu lini mtu anaishi maktaba? Bibi Mdogo anataka kujua dirisha la chumba chako linatazama wapi.

Mama


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hongera kwa Bibi Mdogo, na mwambie huyo wa kwanza tunamjua. Mapazia ya samawati yatapendeza.

Mwambie pia dirisha lipo. Ni kubwa, linatazama barabara, na magari ya wagonjwa hupita hapo siku nzima.

Kila Jumanne ya pili naenda kuweka sahihi kwenye ofisi ya uhamiaji, ili wajue sijatoroka. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Sina ruhusa ya kufanya kazi. Wiki iliyopita nilipita kwenye duka la mikate lenye tanuri nyuma. Nilisimama kidogo, nikajua kwa harufu tu kwamba wanaitoa mikate mapema, ndani bado ni mibichi. Mwenye duka alitoka, tukaongea habari za hamira, akaniambia ana nafasi, niingie nivae aproni. Nikamweleza kwamba nikikutwa nimeingia nitafungwa mimi na atatozwa faini yeye. Akanipa mkate, akarudi ndani. Ulikuwa mbichi kweli.

Hiyo barua nyingine usiiandike, mama. Tafadhali.

Yule muuguzi aliyekuwa akipanda gari pamoja na mume wangu, mliyemwita Daktari Nusu, bado yuko hapo mjini? Walikuwa hawaachani. Sijasikia neno lake tangu siku ile, na hilo limekuwa likinisumbua. Nadhani anajua jambo. Ungemuuliza.

Mama Bibi Mdogo


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Bibi Mdogo alikuwa na homa ya siku mbili, imeisha.

Daktari Nusu aliacha kazi hospitalini. Sijui aliko.

Mke wa fundi bomba alikuja kushonewa gauni. Kaka yake amerudishwa juzi kutoka huko uliko. Anasema aliyekataliwa hupewa siku chache atoke kwenye nyumba ya serikali, chakula kinakatwa siku hiyohiyo, na baada ya hapo kila mtu na lake. Sikumuuliza zaidi kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Nakuuliza wewe.

Unalala wapi?

Mama


17 Juni

Mama,

Shikamoo.

Umeuliza wazi, nami nitajibu wazi. Barua hii usimsomee mtoto.

Walinitoa kwenye nyumba mwishoni mwa Januari. Nilianza kwa dada mmoja mfanya usafi tuliyekuwa tukisali naye. Nililala sakafuni kwake wiki tano, mpaka mwenye nyumba akahesabu miswaki bafuni. Hakunifukuza yule dada. Nilitoka mwenyewe ili asipoteze chumba. Tangu hapo nakaa kwenye ukumbi wa kusubiri wa hospitali kubwa, sehemu ya wagonjwa wa dharura. Pana joto, pana maji na choo, na watu hukaa pale saa nyingi bila kuulizwa. Nashika bahasha ya kahawia mkononi ili nionekane nina shughuli. Nalala nikiwa nimekaa. Hilo ndilo dirisha langu. Asubuhi naenda maktaba mpaka wafunge. Jumatano na Ijumaa watu wa hisani hugawa supu. Siku nyingine napata au sipati. Nimepungua, lakini wewe ungenipunguzia gauni upande mmoja tu likanikaa vizuri.

Mwezi uliopita nilishikwa na kikohozi. Muuguzi wa zamu alinijia, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Unamsubiri nani hapa?" Nikamjibu, "Mume wangu." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akaangalia kwenye orodha yake, hakuona jina, akarudi na dawa ya kikohozi na blanketi, hakuniuliza tena.

Sasa lile ambalo nimekuficha tangu Januari. Uliniambia utaandika barua nyingine kama ile ya mwaka juzi. Mama, ile barua ndiyo iliyosomwa mahakamani. Hakimu alisoma sentensi yako, mkalimani akairudisha kwa lugha yetu nikaisikia kama sauti yako kabisa: "Mwanangu yuko safarini, na akirudi atamkuta mke wake anamngoja." Hakimu akasema hakuna anayemjua mtu kuliko mama yake mzazi, na kama mama anasema amesafiri, mahakama haina sababu ya kusema vinginevyo.

Sikulaumu. Kabla ya kuipeleka niliisoma, na hiyo ndiyo sentensi niliyoipenda kuliko zote. Mwanasheria niliyekuwa naye wakati ule alinishauri nisiipeleke barua hiyo, nikakataa.

Ila kama kuna unalolijua, mama, naomba uniambie.

Mama Bibi Mdogo


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Ni wiki ya kumi sijapata barua. Mkutubi ananiona nikiingia tu anatikisa kichwa, siku hizi hata hanipi nafasi ya kuuliza.

Kama nilikuumiza, nisamehe. Kuhusu karatasi, tuyaache. Niambie tu Bibi Mdogo anaendeleaje.

Hospitali wamebadilisha walinzi, na wapya wanauliza kila mtu kadi. Kwa sasa nakaa kwa bibi mmoja asiyeona. Nampikia, namwogesha, namsomea barua zake, naye ananiachia nafasi jikoni. Mwanawe akija Jumapili natoka, narudi akishaondoka.

Mama Bibi Mdogo


22 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Bibi Mdogo ni mzima, meno yameanza kuota. Naanza na hilo kwa kuwa uliliuliza.

Barua zako mbili ninazo. Ile ya Juni niliisoma mara moja nikaiweka chini ya jora, na kwa wiki nyingi jora lile sikuligusa. Wazazi wamekuja kudai sare, nimewaambia cherehani ni mbovu. Cherehani haina kasoro.

Nilikuandikia kwamba sijui aliko Daktari Nusu. Nilijua. Anafuga kuku nyuma ya soko, na mimi nikienda kununua uzi huzunguka njia ya mbali nisipite kwake. Wiki mbili baada ya mwanangu kuchukuliwa, wewe ukiwa umeshavuka mpaka, alikuja hapa nyumbani. Nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa. Alisema alipeleka mgonjwa hospitali nyingine, wakamwomba asaidie kubeba kwenye chumba cha maiti, na humo akamwona mwenzake. Alimtambua kwa uso, si kwa nguo. Kesho yake akarudi na shuka ili amfunike vizuri, akakuta ameshaondolewa, na hakuna aliyekubali kumwambia wamempeleka wapi.

Nilimwambia amekosea nyumba. Nikafunga mlango, nikarudi kwenye cherehani, nikamaliza pindo la sketi nililokuwa nimelianza. Jioni ile nikakuandikia kwamba bado tunangoja habari.

Miaka mitatu nimekunyima jambo lililo lako. Sababu yangu si nzuri lakini ndiyo hiyo. Nilisema: siku nikikiri kwamba amekufa, huyu mtoto wa watu si mke wa mwanangu tena. Bado ni kijana. Ataolewa huko aliko, atamtuma mtu aje amchukue binti yake, na mimi nitakuwa mama mkwe wa nani? Lakini mke wa mtu aliye safarini lazima arudi nyumbani. Basi nikampeleka mwanangu safarini. Nilikuwa nakufunga ubaki wangu, kumbe huko nimekufungia mlango ukabaki nje.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu nilipita njia ya karibu. Daktari Nusu alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kuku. Akaiweka chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyesema, "Nimekungoja miaka mitatu, mama. Twende wapi?"

Tulikwenda kwa wakili anayeandika viapo. Alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachotia sahihi, maana wale waliomchukua mwenzake hawajaenda mbali. Daktari Nusu akasema anaelewa, na kuku watalishwa na mkewe. Na mimi nimeapa. Nimeeleza kwamba ile barua ya mwaka juzi haikuwa kweli, na kwamba nilijua nilipokuwa nikiiandika.

Ofisi ya wilaya tulikaa foleni kutwa. Karani akaniuliza nimekuja kuandikisha nini. Nikamwambia, "Kifo cha mwanangu." Nilisema kwa sauti ileile ninayomtajia mteja kipimo cha kiuno, nisije nikashindwa katikati. Akauliza mwili uko wapi. Nikamwambia hilo nami ningependa kuwauliza wao. Kalamu ilisimama kidogo, akatazama mlangoni, kisha akaendelea kuandika. Cheti cha kifo hawezi kunipa bila mwili. Amenipa barua yenye muhuri kwamba taarifa imepokelewa. Zote tatu zimo humu. Nimezishona kwenye kitambaa ili zisilowe. Uzi ni mwepesi, usizikate na mkasi, ivute tu ncha.

Tumekaa msiba siku tatu. Watu walijaa mpaka uani, wengine sikuwatarajia. Nadhani nao walikuwa wakiningoja. Mashati yake nimempa Daktari Nusu mawili, mengine yako sandukuni yakikungoja uamue wewe.

Bibi Mdogo nilimwambia mwenyewe, kabla ya watu kuja. Hakulia kwanza. Aliniuliza, "Na mama naye?" Nikamtolea barua zako zote nikaziweka mbele yake. Alizipanga kwa tarehe, akauliza kwa nini ya Juni hajasomewa. Sikumsomea. Nilimwambia mama yake yuko mahali pagumu, na kwamba bibi yake anarekebisha alichokiharibu. Alilia baadaye, akiwa anavaa viatu.

Ukipata mtu wa kukuoa huko, niambie mapema nikushonee nguo. Nasema kwa dhati.

Marehemu mwanangu alikupenda. Hilo sikulificha kamwe.

Mama


12 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, mama. Pole kwa siku tatu za msiba, na pole kwa ile miaka mitatu uliyokaa msiba peke yako. Nimeandika maneno mengine hapa nikayafuta. Nilikasirika, sikufichi. Wiki nyingi sikutaka hata kushika kalamu. Kisha ikapita, au imepita kiasi cha kuweza kuandika.

Bahasha ilifika Oktoba. Niliisoma pale pale mezani kwa Mkutubi. Aliniona, akauliza ni nani. Nikamwambia ni mume wangu. Akanipeleka kwenye kile chumba kidogo wanachorekebishia vitabu vilivyochanika, akaning'iniza mlangoni kibao cha "Pamefungwa", akavuta kiti akakaa nami. Hajui lugha yetu na mimi ya kwao nilikuwa nimeisahau yote siku hiyo. Alikaa mpaka saa ya kufunga. Huo ndio ulikuwa msiba wangu.

Mwanasheria alizisoma zile karatasi mbele ya mkalimani, sentensi kwa sentensi. Akasema kiapo cha Daktari Nusu ni kizito, ila chako ndicho kitakachobeba, kwa kuwa ni nadra mtu kuapa dhidi ya maneno yake mwenyewe. Nisalimie Daktari Nusu. Barua yake nimeiweka humu kando, umpelekee kwa mkono.

Ombi jipya limepokelewa. Usifurahi sana, bado linaweza kukataliwa, na mwanasheria amenikataza kuhesabu miezi. Lakini kwa kuwa limepokelewa, nimerudishiwa mahali pa kulala na kadi ya chakula. Niko kwenye chumba cha vitanda viwili na mama mmoja fundi viatu, ambaye halali bila redio. Ufunguo ninao mimi mmoja na yeye mmoja. Usiku wa kwanza nililala nimekaa, kwa mazoea. Yule bibi asiyeona naenda kumsomea barua zake bado, siku hizi hata Jumapili. Mwanawe ananijua.

Kazi sijaruhusiwa. Sahihi naendelea kuweka.

Kuhusu kuolewa, mama, hata viatu vyangu vya kutembelea sina. Lakini siku lolote likitokea, nguo utashona wewe, na atakayekuja atajulishwa kwamba ninaye mama. Sina mwingine, unajua. Bibi Mdogo atakaa nawe mpaka nitakapoweza kuwaita nyote wawili. Nimemwandikia kurasa mbili zake peke yake. Nimemweleza ukweli wa hapa kadiri ya umri wake. Asome mwenyewe, usimsaidie.

Jumanne niliitwa kujaza fomu mpya. Ni ile ile ya siku zote: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku niliyoingia. Ulipofika mstari wa hali ya ndoa nilisimama. Kwa miaka yote huwa naandika "nimeolewa". Nyuma yangu palikuwa na foleni, na mtu mmoja alikuwa akigonga kiatu chake sakafuni. Nikaandika "mjane". Karani akaisoma fomu yote kutoka juu hadi chini, akagonga muhuri, akaniambia nisogee dirisha la pili.

Nikasogea.

Mwanao